Zamu ya Saa Nane

3 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Kuna swali moja ambalo nimeshindana nalo kwa miaka mingi, na kwa kuwa sijaweza kulijibu, nimejizoeza kulifundisha. Swali lenyewe ni hili: kwa nini watu wa zama zote, waliotenganishwa na bahari na maelfu ya miaka, walikataa kuamini kwamba mtu hufa peke yake? Hawakukubaliana kuhusu mengi. Hawakukubaliana hata kuhusu idadi ya mbingu. Lakini karibu kila jamii niliyowahi kuisoma iliweka mtu mlangoni. Wengine walimpa kichwa cha mnyama, wengine kamba, wengine mwenge.

Darasani huwa nasema kwamba miungu ya mauti ni hofu iliyovishwa nguo ili iweze kutazamwa. Nimelisema hilo kwa miaka kumi na minne, na wanafunzi wamelinakili vizuri. Tangu Juni, tangu mama aondoke, nikilitamka najisikia kama mtu anayesoma maandishi ya mwingine.

Usicheke. Nataka kuchorwa tatuu, na nataka unichore wewe.

Nakumbuka nilichokuambia siku ulipoacha chuo ukaenda kujifunza kazi hiyo. Nilisema unakwenda kuchafua ngozi za watu. Siwezi kulifuta neno hilo kwa barua moja, kwa hiyo sitajaribu. Nakuomba tu unichoree mmoja wa hao wanaosimama mlangoni, kwenye mkono wangu wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. Yupi, bado sijui. Nisaidie kuchagua.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu tangu mazishi kila tukipigiana tunaishia kuulizana nani ana ufunguo wa nyumba ya mama na paa linavuja wapi. Kwenye karatasi huenda tukasikilizana mpaka mwisho.

Kuhusu siku ile sijawahi kukushukuru ipasavyo. Mama hakuondoka peke yake, na hilo ndilo linaloniwezesha kulala. Nitaliacha hapo, maana najua hata wewe hupendi tuliguse.

Dada yako


11 Februari

Dada Saa,

(Samahani, jina la utotoni halijakutoka. Mtu anayefika darasani dakika kumi kabla ya kengele ataitwa hivyo mpaka azeeke.)

Barua yako imenikuta na mgongo wa dereva mmoja wa malori mezani, anataka papa anayecheka. Nimeisoma kwa sauti huku nikimpumzisha. Akaniuliza, "Huyo ni dada yako au ni hakimu?" Nikamwambia vyote viwili. Nimecheka, halafu nimeirudia tena na tena mpaka dereva akadhani nimeharibu papa wake.

Sawa, nitakuchora. Ila hapa kwangu kuna masharti, na hata maprofesa wanayafuata. Simchori mtu aliyekunywa. Sichori jina la mtu aliye hai. Na simchori mtu asiyeweza kuniambia picha yake inaelekea wapi. Hilo la tatu watu hulidharau. Sikiliza: kiumbe chochote chenye miguu, ukikiweka kwenye mkono, kinatembea. Kikielekea kwenye kiganja, kinatoka kwako kwenda nje. Kikielekea kwenye kiwiko, kinakuja kwako. Nimeona watu wakirudi kwangu baada ya mwaka, wanasema, "Nigeuzie chui wangu, ananifuata." Unaweza kucheka, lakini wamerudi watatu.

Niandikie hao miungu wako mmoja mmoja. Usinipe muhadhara. Niambie tu yupi unamwogopa na yupi ungemfungulia mlango.

Na kuhusu siku ile, usinishukuru, tafadhali. Wa kushukuru ni mimi, na nikianza sitamaliza.

Sindano


20 Februari

Mdogo wangu,

Nitajaribu kutokutolea muhadhara, ingawa mazoea ni kitu kigumu.

Wa kwanza niliyemfikiria ni Anubi wa Wamisri wa kale, mwenye kichwa cha mbweha. Huyo humshika maiti mkono na kumwongoza hadi kwenye mizani, ambako moyo hupimwa kwa unyoya. Nilimpenda kwa ule mkono. Kisha nikakumbuka mizani, nikamwacha. Sitaki kuvaa mwilini mtu anayekupeleka kwa upole mahali pa kuhukumiwa.

Wa pili ni Yama wa Wahindi, mwenye kitanzi, apandaye nyati. Kuna habari ya kale sana kwamba yeye alikuwa mwanadamu wa kwanza kufa. Hakukuwa na mtu wa kumwelekeza. Aliipapasa njia peke yake, na kwa kuwa aliijua, akafanywa mfalme wa wote waliomfuata. Habari hiyo hunigusa kila ninapoifundisha. Lakini kile kitanzi, hapana.

Wa tatu ni Heli wa watu wa kaskazini, nusu ya mwili wake hai, nusu ina rangi ya maiti. Huyo ndiye ninayemwogopa. Nilimwota mara mbili mwezi huu, amekaa kwenye kiti cha plastiki cha wodini, ametugeuzia ule upande mzima.

Wa nne ni Hekate wa Wayunani, abebaye mienge. Yasemekana binti aliyechukuliwa kuzimu alipopanda tena juu, yeye ndiye aliyekuwa akimtangulia na kumfuata. Nimeyafikiria sana maneno hayo mawili. Ni nani awezaye kumtangulia mtu na kumfuata kwa wakati mmoja?

Ukinilazimisha, ningemfungulia mlango huyu wa mwisho. Lakini natilia shaka uchaguzi wangu mwenyewe. Huenda nimempenda kwa sababu tu hana silaha.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Nimewachora wote wanne. Nimewabandika ukutani, nimewatazama wiki nzima wakati wa chai. Wazuri, sikatai. Lakini hebu fikiria mama yupo kwenye cherehani yake, wanabisha hodi. Mbweha? Angemfukuza kwa ufagio. Wa nyati angeambiwa amfunge mnyama nje asile mipapai. Yule nusu maiti angeulizwa, "Nani kakushonea hilo gauni?" Mama asingemfungulia hata mmoja, dada. Wote ni wageni.

Kwa hiyo nimechukua kimoja tu kutoka kwa yule wa mwisho, taa. Nimeichora mikononi mwa mwanamke wa kawaida anayetembea. Taa iko mbele yake, ameinyoosha kama mtu anayemmulikia mwenzake ngazi. Amevaa lile koti refu la kijivu ambalo mama alijishonea mwaka ule wa mvua nyingi, unalikumbuka, lenye pindo pana. Nimelichora pindo lote, mshono kwa mshono. Ungemsikia akinisimamia: "Uzi mmoja ukining'inia, nguo nzima ni aibu." Nguo yoyote akiiona na uzi anaung'ata kwa meno, hata ya mgeni, hata akiwa ameivaa.

Tatizo ni uso. Nimeuchora mara sita na mara sita nimeufuta. Nikimpa uso wa mama, mkono unakataa. Nikimpa wa mtu mwingine, naona kama nimemweka mwongo kwenye nguo za mama. Mwisho nimemfunika mtandio, unaona taa na koti tu. Basi ndivyo atakavyokuwa. Nimeukubali, ila sikufichi, tangu nimfunike simgeuzii mgongo nikiwa peke yangu studio.

Ataelekea kwenye kiganja. Anasindikiza, hachukui. Nimeamua hivyo kwa niaba yako.

Njoo tarehe kumi na tano. Kula vizuri asubuhi. Na ukifika dakika kumi kabla, utanikuta bado nafagia.

Sindano


18 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Mkono unawasha kama ulivyonionya, na naupaka mafuta yako asubuhi na jioni. Kazini navaa sweta la mikono mirefu. Wanafunzi wananitazama kwa huruma, maana joto la wiki hii si la sweta.

Kazi yako ni nzuri kuliko nilivyostahili kwa yale niliyowahi kuyasema. Katika saa nne zile niliutazama uso wako ulivyoinama, nikaona kwamba sijawahi kumwona mtu akiwa makini vile, si kwenye maktaba, si popote.

Kuna kasoro moja, nawe unaijua. Chini ya koti, pembeni mwa pindo, kuna mstari mwembamba uliochomoka, urefu wa punje ya mchele. Ulifuta damu, ukaniambia, "Tulia dada, umeshtuka." Ukadhani ni sindano.

Haikuwa sindano. Ulikuwa umeniuliza, bila kuinua macho, mashine ikiwa inaunguruma: "Hivi mwishoni mama alisema nini?"

Nimeliwaza swali lako njia nzima ya kurudi, nikiwa nimeegemea dirisha la basi. Nimelipa maana kadhaa na kila moja nimeikataa. Labda ulikuwa unanipima. Labda ulitaka nikiri kwa kinywa changu kile ambacho siku zote umekijua. Wewe si mtu wa kejeli za namna hiyo, kwa hiyo naomba uniambie wazi. Kwa nini uliniuliza mimi? Wewe ndiye uliyekuwa naye.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Nimeandika barua hii mara nyingi, zote nimezichana.

Sikuwa naye.

Zamu yangu ilikuwa inaisha saa nane mchana. Ile karatasi ya zamu uliyoichora kwa rula na kuibandika mlangoni mwa friji, nakumbuka hata rangi ya kalamu. Saa nane wewe. Sijalala siku mbili, mama amesinzia, simu yangu imezima chaji. Nikatazama saa ya ukutani, imebaki dakika tano. Nikajisemea, Dada Saa hajawahi kuchelewa maishani mwake, hapa yuko ngazini. Nikambusu mama, nikatokea mlango wa nyuma, nikaenda nyumbani kulala. Kulala, dada. Niliporudi nikakuta umekaa pembeni ya kitanda na mama ameshafunikwa. Yule nesi mrefu akanishika bega kwenye korido akaniambia, "Usilie sana, alikuwa na binti yake, kamshika mkono mpaka mwisho." Nikajua ni wewe. Miezi yote hii nimekuonea wivu na nimekushukuru, vyote kwa pamoja, nikashindwa hata kuongea nawe kwenye simu.

Kwa hiyo sikuwa nakupima. Nilitaka tu kujua alisema nini.

Kuna lingine, na ni la kazi. Jana nilikuwa napanga karatasi zako. Sisi huchora kwenye karatasi mbili zilizopachikwa wino wa zambarau katikati. Ya juu ndiyo inayobandikwa kwenye ngozi. Ya chini ni ya kutupa, maana picha yake ikibandikwa inageuka kama kwenye kioo. Ya juu nimeikuta kavu, haijaguswa. Nilikubandika ya chini. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mimi nina miaka kumi na moja kwenye kazi. Nilikuwa nimezama kwenye mishono ya pindo, nikamwona anaelekea ninakotaka.

Mtazame. Haelekei kwenye kiganja. Anakuja kwenye kiwiko.

Njoo nikurekebishie. Siwezi kumgeuza, lakini naweza kumfunika kwa kitu kingine, maua, chochote. Na ule uzi nitauficha humo humo.

Nijibu haraka.

Sindano


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikwisha kuona kwamba anakuja. Nilidhani umebadili nia ulipouona mkono wangu, na nikaheshimu uamuzi wako bila kuuliza. Huenda hilo ndilo tatizo letu sisi wawili: tunaheshimiana mahali pa kuulizana.

Sasa nisikilize. Siku ile nilikuwa nasimamia mtihani. Mwenzangu hakutokea, nikaombwa niendelee na kikao cha pili. Saa saba na nusu nilikutumia ujumbe: "Kaa naye mpaka nifike." Sikupata jibu, lakini nilijua hata kama umechoka hungeondoka. Nikazima simu, nikatembea kati ya madawati nikiwaangalia vijana mia mbili wakijibu, miongoni mwa mengine, swali langu kuhusu miungu ya mauti. Nilifika wodini saa kumi na nusu nikihema. Mama alikuwa amefariki saa tisa na robo. Nesi yule yule aliniambia maneno yale yale, kwamba alikuwa na binti yake. Nikadhani umetoka nje kupiga simu. Nikakaa. Ukaingia, tukalia, na hatukuulizana lolote.

Kwa hiyo kuanzia saa nane mpaka saa tisa na robo hapakuwa na yeyote kati yetu.

Naiandika sentensi hiyo polepole. Kwa miezi kumi tumelala usingizi kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake alikuwapo.

Jana nilikwenda hospitalini. Nesi bado yuko wodi ile ile, dawati lile lile karibu na dirisha. Alinikumbuka kabla sijajitambulisha. Nilipomwuliza nani hasa alikuwa na mama mchana ule, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. Akasema, "Si nyinyi?" Kengele ya kitanda cha ndani ikalia, akaniomba nimwachie anwani, ataniandikia akitulia. Nilimwandikia anwani pale pale dawatini. Feni ilikuwa inapeperusha karatasi zake, ikabidi nizibane kwa mkono mmoja huku naandika kwa mwingine.

Usifanye lolote kwanza. Tusubiri barua yake. Huenda alikuwa mgeni wa kitanda cha jirani, au mteja wa zamani wa mama. Mama alishonea watu wengi.

Dada yako


9 Aprili

Kwa Dada Mwalimu,

Habari za tangu juzi. Niwie radhi sikuweza kuongea, siku hizi tuko wawili tu kwa vitanda ishirini na nane.

Nimefikiria sana ulichoniuliza. Nimetazama na daftari la wageni, mchana ule halina jina la mtu wa kitanda chenu. Lakini wengi hawaandiki.

Ninachokumbuka ni hiki. Kwenye saa nane na nusu hivi niliingia kubadilisha dripu. Alikuwepo mwanamke amekaa upande wa kushoto wa mama, kanipa mgongo, kajifunika mtandio. Nilidhani ni wewe. Ulipokuja saa kumi na nusu ukihema, nikasema kumbe alikuwa mwenzako. Mwenzako alipoingia amevimba macho kwa usingizi, sikufikiri tena, wagonjwa walikuwa wengi. Uso wake sikuuona vizuri, nisikudanganye.

Mkono niliuona, kwa sababu dripu iko upande huo. Alikuwa amekunja sweta mpaka kwenye kiwiko, mkono wa kushoto umelala kitandani, na mama kaushika. Ulikuwa na mchoro. Mwanamke kavaa koti refu, kashika taa, anatembea kuelekea kwenye kiwiko. Nilikumbuka kwamba mama alituambia ana binti mchora tatuu, ndiyo maana nikawa na uhakika ni binti.

Na mama alikuwa macho. Hilo sikuwaambia, nilidhani mnalijua. Alikuwa anasugua ule mchoro kwa ukucha, pale chini kwenye pindo la koti, palikuwa na kamstari kametokeza. Unajua alivyokuwa na tabia ya kuchomoa nyuzi kwenye shuka zetu. Yule dada akacheka kidogo, akamwambia, "Mama, huo hautoki." Mama naye akacheka. Mimi nikatoka. Niliporudi saa tisa na robo kiti kilikuwa kitupu na mama ameshapumzika, mkono umefunguliwa hivi, kama mtu aliyekuwa ameshika kitu.

Kama nimekosea mnisamehe. Sitaki maneno hapa kazini.

Nesi wa wodi ya sita


20 Aprili

Dada,

Nakala ya barua ya nesi uliyonitumia nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimefunga studio mchana kweupe.

Nimeitafuta ile meseji yako. Ipo. "Kaa naye mpaka nifike." Imelala chini ya rambirambi za watu, ilikuwa haijafunguliwa mpaka leo.

Nilikuwa na mambo mengi ya kukuandikia, yote yamenitoka. Kamstari kale nimekafanya mimi, Machi kumi na tano, saa sita kasoro, kwa mkono wangu. Kabla ya hapo hakakuwa kwenye karatasi wala kichwani. Koti lenyewe la mama liko ukutani kwangu, halina uzi. Nimeenda kuangalia. Nimeangalia na lenzi.

Nilitaka kukwambia uje nikufunike hayo maua. Sasa sijui. Nikikafuta kale kamstari, mama atasugua nini?

Umeona navyoongea? Nitakuwa kichaa. Wewe ndiye msomi, niambie ni nini hiki. Nipe hata muhadhara, safari hii sitakukatiza.

Na usikae na hiyo sweta peke yako nyumbani. Njoo ulale kwangu siku chache.

Sindano


1 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Umeniomba muhadhara. Nitakupa niliyo nao, nawe utaona unapoishia.

Maelezo ya kwanza, na ndiyo niliyoyashika kwa siku tatu, ni haya. Kumbukumbu si sanduku. Mtu akikumbuka jambo analijenga upya, na hutumia matofali yaliyo karibu. Nesi aliniona tarehe mosi Aprili. Kama aliuona mkono wangu siku hiyo, akili yake ingeweza kuuchukua na kuuweka kitandani kwa mama, miezi kumi nyuma, bila yeye kukusudia uongo wowote. Mwanamke wa mtandio angeweza kuwa mgeni yeyote wa kitanda chochote. Habari ya nyuzi anaijua, maana mama alichomoa nyuzi za shuka zao kwa wiki tatu. Kicheko na lile neno vingekuja vyenyewe ili kuunganisha vipande. Nimewahi kusimamia tasnifu nzima juu ya jambo hili, na mwanafunzi wangu alipata alama ya juu.

Maelezo haya yanasimama kwa mguu mmoja tu, kwamba aliuona mkono wangu. Nilikuwa nimevaa sweta la kijivu. Palikuwa na joto. Nilibana karatasi zake kwa mkono wa kushoto, feni ikipuliza. Je, nilikuwa nimekunja mkono wa sweta? Nimekaa mezani kwangu nikarudia kitendo kile mara nyingi, karatasi, kalamu, mkono. Mara nyingine nimeukunja. Mara nyingine sijaukunja. Sikumbuki, Sindano. Mimi ninayewaambia wengine kwamba kumbukumbu ni ujenzi, nimesimama kwenye uwanja mtupu sina hata tofali.

Maelezo ya pili siwezi kuyaandika kwa lugha ya kazi yangu, kwa hiyo nitayaandika kwa yako. Ule uzi upo kwa sababu nilishtuka. Nilishtuka kwa sababu uliniuliza mama alisema nini. Uliniuliza kwa sababu hukuwapo, na nilishtuka kwa sababu sikuwapo. Kama mmoja wetu angekuwa pale saa nane na nusu, kamstari kale kasingechorwa kamwe. Nimeuzunguka mnyororo huo usiku na mchana, sioni pa kuukata. Na kama mkono ule ulikuwa huu ulio mbele yangu sasa, ukiwa na kosa lako na mshtuko wangu, basi zamu yangu ya saa nane bado sijaifanya. Iko mbele. Mchana mmoja nisioujua nitakunja mkono wa sweta, nitaingia wodi ya sita, na mama atakuwa macho.

Unakumbuka nilivyokuuliza ni nani awezaye kumtangulia mtu na kumfuata kwa wakati mmoja? Sikuwa nakuuliza wewe. Nilikuwa nacheza na maneno, kama nifanyavyo darasani.

Nimeanza tabia moja ambayo nisingependa wenzangu waijue. Kila siku saa nane mchana, popote nilipo, nakunja mkono wa sweta. Natazama mlango ulio karibu. Juzi nikiwa katika kikao cha idara niliona mwenye taa amesogea, si sana, upana wa mshono mmoja kuelekea kiwiko. Nilipima kwa rula nilipofika nyumbani. Ngozi inapopona huvutika, wewe mwenyewe uliniambia. Nimeandika kipimo na tarehe ukingoni mwa daftari, na sijapima tena.

Usinifunike kwa maua. Kuja nitakuja, nitalala kwako siku utakazotaka, lakini usiuguse ule uzi.

Sasa nikueleze lililobaki bila jibu, na kwa nini. Nesi anajua. Yeye ndiye mtu pekee duniani anayeweza kuniambia kama tarehe mosi Aprili mkono wangu ulikuwa wazi. Lingehitaji barua ya mistari miwili tu. Nimeiandika. Ipo hapa mezani kwenye bahasha, imebandikwa stempu tangu Jumatatu, na ni kazi safi kuliko makala zangu nyingi, haina neno la ziada. Akijibu kwamba mkono ulikuwa wazi, nitakuwa nimelitatua jambo lote kama msomi, na mama atarudi kuwa peke yake katika chumba kile, kuanzia saa nane mpaka saa tisa na robo, akiusogeza ukucha wake juu ya shuka. Akijibu kwamba ulikuwa umefunikwa, sijui nitaishije na saa nane zote zilizobaki.

Kila asubuhi naipita bahasha ile nikienda kazini. Leo nimeiwekea kitabu juu, kwa sababu ya upepo.

Dada yako